Adabu ya Kuonja

Miongoni mwa vitenzi tunavyovifundisha bila kuvitafakari, kuonja ni kimojawapo. Mwalimu hukiandika ubaoni pamoja na kuona, kusikia, kunusa na kugusa, akaihesabu milango mitano ya fahamu, kisha akaenda zake kwenye zoezi la kujaza mapengo. Hata hivyo, kuonja hakulingani na hivyo vinne. Jicho huona hata kile lisichokitaka, na sikio halina kifuniko; bali ulimi haupati ladha ya kitu mpaka mwenye kinywa amefungua mlango. Tena, kuonja si kula. Alaye hutaka kushiba. Aonjaye hutwaa kidogo ili akate shauri juu ya kingi. Kwa hiyo ndani ya kitenzi hiki mna hakimu, na palipo na hakimu hapakosi swali la haki.

Wazee wetu walilijua jambo hilo, wakaliwekea adabu zake. Mpishi hudondosha tone la mchuzi kiganjani akaonja, si kwa uroho, bali kwa kuwa atakayelaumiwa chumvi ikizidi ni yeye. Kwetu Tanga, hata katika mwezi wa Ramadhani, mpishi aliyefunga huruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, maadam hakimezi, kwa sababu kuonja kwake ni kwa ajili ya wengine. Mnunuzi naye huonja: punje mbili za karanga, chembe ya sukari guru, kipande cha embe alichokatiwa na muuzaji. Akiridhika hununua, asiporidhika hupita, wala hapana aliyetukanwa. Mgeni huonja kwa heshima; hata kama ameshiba, hawezi kukirudisha chakula cha wenyewe bila kukigusa, bali humega tonge moja akashukuru. Na katika mila za watu wengi wa bara letu mwenyeji hutangulia yeye kunywa kabla ya kumkabidhi mgeni kata, ili aonyeshe kwamba hamna hila ndani yake. Katika kuonja kote huku yuko mtu wa pili anayengoja: mwenye kulishwa, mwenye kuuza, mwenye nyumba. Aonjaye anadaiwa neno.

Siku hizi umezuka uonjaji wa namna nyingine, ambao wazee hawakuuwekea adabu kwa kuwa hawakuuona. Katika miji ya Ulaya kama Brussels, Paris na London hufanywa matembezi ya kuonja chokoleti. Watu wachache hulipa fedha, hukutana penye uwanja fulani, kisha humfuata mwongozaji kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa. Kila dukani hupewa kipande kidogo, pengine kama ukucha wa kidole gumba, pamoja na hadithi yake: jinsi Jean Neuhaus alivyobuni pralini, yaani chokoleti yenye kiini laini ndani, mjini Brussels mwaka 1912, jinsi mtaa huu ulivyokuwa wa mafundi na ule wa matajiri. Baada ya saa chache hutawanyika. Hawakulazimika kununua, hawakualikwa na mtu, wala hawakuwa wakimpikia yeyote. Wameonja, basi. Mimi sioni dhambi katika jambo hilo. Mji hujulikana vizuri zaidi kwa miguu kuliko kwa gari, na kitu kidogo kinywani humfanya mtu atulie asikilize. Ila nauliza: aonjaye namna hii anadaiwa neno na nani?

Sikulitoa swali hili vitabuni. Lilizuka katika chumba cha walimu mjini Juba, mahali ninapofundisha Kiswahili kwa watu wazima. Ndugu msomaji atakumbuka kwamba Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na katika madarasa yetu wamo wafanyabiashara, madereva wa malori ya njia ya Nimule, na wageni wachache wa mashirika ya misaada. Mmoja wa wageni hao alikuwa amewahi kufanya matembezi ya chokoleti huko kwao, naye akauliza mbona Juba hapana kitu kama hicho. Mwalimu mwenzetu kijana akalidaka neno. Chokoleti hatuna, akasema, lakini chai ya viungo tunayo, kahawa ya tangawizi tunayo, karkade, kisra, ufuta na asali tunavyo. Tuwachukue wanafunzi kwa miguu kutoka Malakia mpaka soko la Konyo Konyo, waonje, na kila wanachoonja wakitaje kwa Kiswahili.

Mkubwa wetu kwa umri, mzaliwa wa Jimbo la Unity, aliweka kikombe chake mezani. "Kijana wangu," akasema, "mtu aliyeshiba haonji mbele ya mwenye njaa."

Maneno hayo hayakuwa ya mapambo. Mwezi Februari 2017 baa la njaa lilitangazwa rasmi katika sehemu za Leer na Mayendit za jimbo hilo hilo, na watu waliokimbilia vinamasini waliishi kwa samaki na kwa mbegu na mizizi ya yungiyungi. Mzee wetu anao jamaa waliopita humo. Kwake yeye, kuonja ni mchezo wa mtu mwenye hakika ya mlo ujao. Anayeonja kumi asile hata kimoja anawaonyesha wengine kwamba chakula kwake ni hadithi. Akaongeza kuwa Juba imekwisha kutembelewa mno na watu wenye madaftari, na kwamba mitaa yake si maonyesho.

Nilimheshimu, na bado namheshimu. Lakini hoja yake, nikiifuata mpaka mwisho wake, hunifikisha mahali nisipopapenda. Tangu mwaka 1989, kulipoanzishwa ule mpango mkubwa wa Umoja wa Mataifa wa kupeleka chakula kusini mwa Sudan wakati wa vita, watu wa nchi hii wamepokea magunia mengi ya nafaka, mengine yakidondoshwa kutoka angani. Magunia hayo yaliokoa maisha, na mtu mwenye akili hawezi kuyabeza. Hata hivyo ni chakula ambacho apokeaye hakukionja kwanza. Hakuna aliyesimama mbele ya gunia akatia punje kinywani akasema, hapana, huu mtama ni mchungu, nileteeni mwingine. Lugha yetu ina methali nyingi za kumkanya achaguaye. Mchagua nazi, twaambiwa, hupata koroma. Lakini mchagua nazi walau amesimama chini ya mnazi. Yuko mtu ambaye mnazi wenyewe haujui.

Na mwenye njaa hakupoteza ulimi. Akina mama wa Juba wanaujua mtama wa kwao na wanaujua wa gunia. Wanajua upi unatoa kisra laini inayokunjika kama kitambaa na upi unakatikakatika juu ya bamba la moto. Tukisema kwamba katika mji huu pasionjwe kitu kwa kuwa njaa ipo, tumewaachia watu wake kiungo kimoja tu, nacho ni tumbo. Nadhani hilo ni dharau kubwa kuliko ile anayoiogopa mzee wetu, ingawa imevaa nguo za huruma.

Huruma hii inayo ndugu yake, nayo ni sifa za bure. Nimewaona wageni ambao kila wapewacho husema kitamu. Chai imeungua, kitamu. Kisra imechacha kupita kiasi, kitamu. Wanaogopa kumvunja moyo mwenyeji, na nia yao ni njema; lakini sifa ambayo isingeweza kuwa lawama haina uzito wowote. Fundi wa chokoleti wa Brussels huonjwa na watu wanaoweza kusema kwamba ya jirani yake inamshinda, na kwa sababu hiyo sifa wanayompa inamfaa. Kwa nini muuza chai wa Malakia anyimwe hakimu wa kweli? Anayesifiwa kwa huruma hakuonjwa; amepewa sadaka.

Turudi kwenye chokoleti yenyewe, maana huko ndiko mizani hii ya kuonja ilikopinda zaidi. Chokoleti hutokana na mbegu za mkakao, na zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka katika nchi mbili za Afrika, Kodivaa na Ghana. Swali la haki lililo ndani yake si la leo. Mwaka 1909 kampuni ya Cadbury ya Uingereza ilisusia kakao ya visiwa vya Sao Tome baada ya kuthibitika kwamba ililimwa na watu waliokuwa watumwa katika kila jambo isipokuwa jina. Mwaka 2001 kampuni kubwa za chokoleti zilitia saini ahadi ya kukomesha aina mbaya kabisa za kazi za watoto katika mashamba ya kakao ya Afrika Magharibi ifikapo mwaka 2005. Mwaka huo ulipita, na ahadi ikasogezwa mbele. Mwezi Desemba 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 12,000 kwa tani, bei isiyopata kuonekana, nayo ilipanda kwa sababu mavuno ya Afrika Magharibi yalikuwa yameharibika. Yaani ilipanda wakati ambapo wakulima wengi hawakuwa na kakao ya kutosha ya kuuza.

Wala hatuna haja ya kwenda Afrika Magharibi. Kutoka Juba ukienda kusini, ukavuka Nimule na kuingia Uganda, kisha ukaelekea magharibi mpaka nyuma ya milima ya Ruwenzori, utafika Bundibugyo, wilaya ambayo wakulima wake wengi hutegemea kakao. Hupasua tunda, hutoa mbegu zenye utando mweupe na utamu wa kutereza, huzifunika zichachuke kwa siku kadhaa, kisha huzianika juani. Kazi hii ya kuchachusha ndiyo inayozaa ladha. Mbegu isiyochachuka vizuri haiwi chokoleti njema hata ikipelekwa kwa fundi gani. Yule anayegeuza mbegu hizo kwa mikono yake, akinusa siki ikipanda na kushuka, ni fundi wa ladha. Ng'ambo ya mto Semliki, upande wa Beni katika Kongo, kazi hiyo hiyo hufanywa na watu ambao baadhi yao wameuawa mashambani mwao wakati wa mavuno. Na aghalabu fundi huyu wa kwanza haonji kazi yake ikiisha. Huonja utando wa tunda, basi. Chokoleti iliyotoka katika mbegu zake huonjwa na watu wa mbali, na wao ndio wanaosema kwamba ina harufu ya matunda mekundu au ya tumbaku, na neno lao ndilo linaloamua bei. Amefanywa kama mpishi aliyekatazwa kuonja mchuzi wake.

Chokoleti hufika Juba pia. Utaikuta katika maduka makubwa, ndani ya jokofu, karibu na siagi. Mafuta ya kakao huyeyuka katika joto la nyuzi 34 hivi, yaani chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, na ndiyo sababu chokoleti hulainika yenyewe kinywani. Lakini Juba katika mwezi wa Machi hupita nyuzi hizo tangu kabla ya adhuhuri. Umeme ukikatika, chokoleti hulegea. Jenereta ikiwashwa, huganda tena, na juu yake hutokea ukungu mweupe wa mafuta. Haidhuru mtu, ila ladha yake imekwisha kupotea. Yawezekana mbegu zake zilitoka Bundibugyo, zikapita Kampala na Mombasa hadi Ulaya, kisha zikarudi kwa njia ile ile mpaka Nimule na kupanda zile kilomita 192 za lami hadi hapa. Safari ndefu ya kurudi jirani.

Kahawa inasimulia habari ya karibu zaidi. Katika nyanda za juu za Boma, mashariki ya Sudan Kusini penye mpaka wa Ethiopia, mibuni ya arabika humea yenyewe msituni. Ilichunguzwa na wataalamu wa mimea katika miaka ya 1940, na wengine wakaifuata tena mwaka 2012. Mbegu za ukoo uitwao Rume Sudan zilichukuliwa huko, na damu yake imo ndani ya Ruiru 11, mbuni uliotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985 kwa sababu ya kuhimili ugonjwa wa chulebuni. Kwa hiyo mkulima wa Kenya aliyeokoa shamba lake ana deni kwa msitu wa Boma bila kuujua. Kisha, mwezi Oktoba 2015, kampuni ya Nespresso ilianza kuuza Ufaransa kahawa ya wakulima wa Yei kwa jina la Suluja ti South Sudan. Suluja kwa Kikakwa ni mwanzo. Ilisifiwa na walioionja. Mwaka uliofuata vita vikafika Yei, wakulima wakakimbia, na mradi ukasimama. Ninalolitazama mimi hapa ni jambo dogo: kahawa ile iliuzwa ndani ya kapsuli, na kapsuli hunyweka kwa mashine na umeme. Mwanzo ule ulionjwa Paris. Huko Yei ulianikwa.

Hapo nikaiona haki ninayoitafuta ilipo. Hoja ya mzee wetu ilimtazama aonjaye kwa tumbo lake, ikauliza kama ameshiba. Mimi nadhani tumtazame kwa kiti chake cha hukumu, tuulize kama ni yeye peke yake anayekikalia. Uonjaji huwa dhuluma pale mmoja anapoonja sikuzote na mwingine akawa wa kuonjwa sikuzote. Mmoja ana maneno ya ladha na mwingine ana jasho tu. Kuonja kidogo mbele ya watu maskini hakudhulumu mtu ikiwa maskini naye aweza kukuonja wewe.

Ningali nayo habari ya mwongozaji. Wasomaji wa Zanzibar wanayajua matembezi ya viungo katika mashamba ya Unguja: mwongozaji hukwangua gome la mdalasini, huvunja iliki, humpa mgeni anuse na kubahatisha jina, na kijana mmoja husuka kofia ya ukuti. Ni kazi ya ustadi na huwalisha watu. Lakini nimepata kuyafuata mara mbili tatu, na mara zote karafuu ilionjwa bila kutajwa kwamba mashamba yake katika karne ya 19 yalipandwa na kuchumwa na watumwa. Mwongozaji si mwongo. Anajua tu kwamba mgeni amelipia utamu. Hata hivyo mtu anayeongoza ulimi wa mwenziwe ameshika madaraka makubwa, kwani kinachotajwa ndicho kinachoonjwa. Sisi walimu wa lugha ndivyo tulivyo kila siku.

Basi matembezi yakafanywa, siku ya Jumamosi, na mzee wetu hakuja. Walikuwa wanafunzi 5. Tuliweka masharti mawili: kila aonjaye anunue kikombe kizima na kukimaliza, na pasitajwe neno tamu kabla ya kutafuta neno jingine. Sharti la pili lilikuwa la kisarufi, nami ndiye niliyelisisitiza. Kiswahili kina udhaifu mmoja wa kupendeza, kwamba tamu ni neno la sukari na pia ni neno la kila kilicho kizuri; mchuzi wa pweza ni mtamu na hadithi ni tamu. Mwanafunzi akilipata neno hilo huliegemea kama gongo. Lakini tunayo mengine: kitu huwa chungu, kikali, kichachu, chapwa; chumvi hukolea; na tunalo neno ambalo wageni hulistaajabia, ukakasi, yaani ile hali ya ulimi kubanwa na kukauka kama mtu aliyeuma ndizi mbichi.

Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja mkazi wa Malakia, si sisi. Alitupitisha chini ya mialibaini, mbele ya akina mama wenye majiko ya makaa, viti vya plastiki na chupa zilizopangwa safu: karafuu, iliki, mdalasini, tangawizi. Wanafunzi wakagundua wenyewe kwamba Kiarabu cha Juba na Kiswahili hunywa kutoka kisima kimoja, kwa maana shai ni chai, sukar ni sukari, na gurunful ni karafuu. Karibu na Konyo Konyo tuliketi kwa muuza kahawa aliyelelewa katika kambi ya Kakuma, nchini Kenya, naye Kiswahili chake kilikuwa chepesi kuliko cha wanafunzi wangu wote. Yule mgeni wa matembezi ya chokoleti akanywa funda moja, akafikiri, akasema kwa ujasiri uliompasa, "Mama, tangawizi imezidi."

Wenzake wakainamisha nyuso. Mama yule hakukasirika hata kidogo.

"Imezidi kwako," akajibu. "Hapa wanaokunywa ni vijana wa bodaboda. Wamekula vumbi tangu alfajiri, bila tangawizi koo haifunguki. Nyinyi kwenu mnakunywa nini, maziwa?" Kisha akamtengenezea kingine, tangawizi kidogo, akamsimamia mpaka amalize, akataka kujua kama sasa kahawa haijawa chapwa. Mgeni akakiri kwamba imekuwa chapwa. Walibishana kwa muda mrefu juu ya kiasi cha tangawizi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo sikumsikia mtu huyo akitafuta vitenzi vyake.

Wiki mbili baadaye alimletea kipande cha chokoleti kutoka kwao, ile nyeusi isiyo na maziwa, iliyobebwa ndani ya chombo cha barafu kama chanjo. Mama yule alikivunja, akampa jirani yake nusu, akakiweka ulimini akanyamaza. Wateja wakamtazama. "Ni chungu," akasema hatimaye, "halafu ina ukakasi. Mwishoni kuna kitu kama kahawa iliyokaangwa na mtu mwenye haraka." Mgeni akacheka, lakini niliona kwamba amechomwa kidogo, kwani chokoleti ile ilikuwa ya fundi mashuhuri. Mama akaigeuza karatasi akanipa nimsomee. Iliandikwa Ubelgiji. "Ubelgiji kuna jua la kuanika hii?" akauliza. Nikaipekua karatasi pande zote. Jina la fundi lilikuwapo, na jina la mtaa wa duka, na asilimia ya kakao. Jina la nchi ambako mbegu zilichachushwa na kuanikwa halikuwapo. Nikamwambia hivyo. "Basi aliyefanya kazi ya kwanza hakuandikwa," akasema, akarudi kwenye jiko lake kwa kuwa maji yalikuwa yamechemka.

Niliyasimulia yote haya kwa mzee wetu Jumatatu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka pale pa mtu mwenye haraka, kisha akanirudisha chini. "Mwalimu," akasema, "hilo la kumwonjesha chokoleti ni jema. Lakini yule mgeni alikuja Juba kwa miguu yake, akaketi akahukumu, na kesho ataondoka. Huyu mama wa Kakuma naye ataketi lini huko Brussels, akitembezwa mitaani, akisema hii imezidi na hii imepungua? Nani atampa viza ya kwenda kuonja?"

Sikuweza kumpinga, maana ni kweli, na masharti yetu mawili hayafiki ubalozini. Tumeongeza la tatu, alilolitoa yeye mwenyewe kwa kusitasita: kila anayetaka kutembea aje na kitu cha kwao, kidogo, kwa ajili ya wale atakaowaonja, na asiondoke mpaka amesikia wamesemaje. Jumamosi iliyopita dereva mmoja wa Eldoret alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuganda yenye masizi. Walibaki wakibishana juu ya masizi yale mpaka adhuhuri.